Kitanda Kisicho na Namba

Ipo nchi moja, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa kuwa ramani za nchi hiyo nazo zilinunuliwa mtumba na zinaonyesha mipaka ya watu wengine. Wananchi wake ni wapole. Huvaa nguo zilizokwisha kuvaliwa, huendesha magari yaliyokwisha kuendeshwa, na katiba yao, waliyopewa na nchi rafiki iliyokuwa imejinunulia mpya, bado ina jina la mwenyewe wa kwanza kwenye ukurasa wa ndani.

Serikali ya nchi hiyo inawapenda raia wake. Ili wasiuziwe vitu chakavu, ilitunga sheria kwamba kifaa chochote kilichozidi miaka saba tangu kitengenezwe kisiruhusiwe kuingia. Sheria ilikuwa nzuri na kila mtu aliifuata. Tangu ipitishwe, hakijaonekana bandarini hata kifaa kimoja chenye umri wa zaidi ya miaka saba, kwa sababu hakijaonekana hata kimoja chenye tarehe.

Kazi ya kuondoa tarehe iliitwa usafishaji. Bi Mwanamvua Kaniki alikuwa msafishaji katika ghala la Bwana Gwasuma kwa miaka kumi na minne. Makontena yalifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, mkaguzi wa serikali alifika saa nne, na katikati ya saa hizo Bi Mwanamvua alifanya kazi kwa birika, wembe na kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Mvuke hulainisha gundi, wembe huingia kwenye kona, lebo hutoka nzima kama ganda la kitunguu. Wenzake walikwangua. Yeye alibandua, na hakupenda lebo ichanike.

Lebo hizo alizichukua nyumbani. Chumba chake cha nyuma kilikuwa na ukuta wa udongo uliopasuka, na upepo wa Julai ulipita kwenye nyufa ukamkalia kifuani. Basi alipika gundi ya unga wa muhogo, akabandika. Lebo za majokofu, za pasi, za viti vya watoto vya kwenye magari, za mablanketi ya umeme: mwaka wa kumi na nne ukuta ulikuwa hauonekani, na upepo haukuingia isipokuwa mahali padogo pembeni ya dirisha. Lebo zenye pembetatu nyekundu alizibandika huko dirishani, kwa sababu zilipendeza. Bwana Gwasuma alikuwa amewaeleza wasafishaji wote kwamba pembetatu nyekundu ni alama ya ubora wa juu kabisa, ambayo wageni huiweka kwenye vitu vya wateja maalumu.

Bi Mwanamvua hakujua kusoma lugha ya wageni. Bwana Gwasuma alijua kidogo.

*

Binti yake, Tunu, alipojifungua mtoto wa kike na kumpa jina la bibi yake, Bwana Gwasuma aliguswa. Aliita vijana wake watoe kontenani kitanda cha mtoto: cha mbao nyeupe, fito pande zote, upande mmoja ukishuka na kupanda ili mama asiiname.

"Mchukulie somo wako," alisema. "Hiki ni cha pembetatu, Bi Mwanamvua. Ningekiuza kwa mke wa balozi."

"Mungu akuzidishie, bosi."

"Lakini kisafishe kwanza. Mkaguzi asije akakiona na tarehe, tukaonekana wezi."

Akakisafisha. Lebo ilitoka nzima. Aliibandika dirishani siku hiyohiyo.

Mtoto alilala katika kitanda kile siku mia moja na arobaini na mbili. Siku iliyofuata, adhuhuri, Tunu akiwa uani anaanua nguo, upande wa kushuka uliachia kwenye kona moja. Ukafungua mwanya wa upana wa vidole vinne, na mtoto akajiviringisha kuuelekea.

Daktari alikuwa mtu mwema. Alisikiliza yote, kisha akatoa fomu. Fomu za vifo za nchi ile zilikuwa za msaada, na ziliruhusu sababu sita tu: homa, uzee, maji, barabara, mapenzi ya Mungu, na usingizi.

"Alikutwa kitandani," alisema daktari, akitafuta kisanduku kwa ncha ya kalamu. "Nitaweka usingizi. Mapenzi ya Mungu yanahitaji sahihi mbili."

*

Desturi ya watu wa huko ni kwamba kitu cha marehemu hakilali nyumba ileile usiku wa nne. Hutolewa sadaka kwa mwenye haja, na aliyetoa hakifuati wala haulizi habari zake, kwa maana sadaka inayofuatwa humrudia mtoaji na msiba mwingine, na inayorudishwa humwachia msiba mpokeaji. Ni desturi ya huruma, na maskini wengi wamepata sufuria kwa njia hiyo. Siku ya tatu wanawake walikibeba kitanda hadi mtaa wa Reli Kavu, kwa mke mmoja kijana aliyeitwa Mwasiti, mwenye mimba ya miezi saba na asiye na kitu. Walikifuta vumbi. Tunu mwenyewe alikunja kishuka.

Siku ya tano ya matanga, wanaume walipojaa barazani, Mzee Kopwe alipewa nafasi chumba cha nyuma. Mzee huyu alikuwa mpishi wa meli kwa miaka thelathini, na lugha ya wageni aliijifunza kwenye makopo. Alikaa mkekani, akanywa kahawa, akausoma ukuta kama wengine wanavyosoma gazeti la jana.

"Mwanamvua," aliita. "Njoo. Haya umeyabandika kwa makusudi?"

"Yanazuia upepo, kaka."

"Hii hapa ilitoka kwenye nini?"

"Kitanda cha mtoto. Cha mtoto wetu."

Mzee Kopwe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisoma polepole, akitafsiri neno kwa neno, bila kupandisha sauti: "Kimeondolewa sokoni. Kiwanda kimekiita kirudi. Kifungio cha upande wa kushuka huvunjika bila kuonyesha dalili. Watoto wanane wamekufa. Usimlaze mtoto. Usimpe mtu, usimuuzie mtu. Kivunje." Kisha akasoma namba: "Sita, sita, nne, moja, mbili, tisa, saba."

"Na pembetatu?"

"Pembetatu ni hatari. Dunia nzima maana yake ni hatari, dada yangu, hata kwenye sumu ya panya."

Tunu alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alimwangalia mama yake, halafu mikono ya mama yake, halafu akaliweka sinia chini taratibu bila kikombe hata kimoja kulia. Kuanzia hapo hakusema naye tena.

*

Bi Mwanamvua aliloweka lebo ile kwa maji ya moto, akaibandua ukutani, akaenda nayo kwenye Idara ya Kuitikia Miito ya Viwanda. Idara hii iliundwa mahususi kwa jambo hilo. Kiwanda cha ng'ambo kikikiita kifaa chake kirudi, huandikia serikali zote, na nchi yenye heshima haiachi barua bila jibu.

Ilimchukua wiki saba kufika kwa Mkurugenzi, kwa kuwa kila dirisha lilitaka cheti kutoka dirisha la mbele yake. Wakati wote huo alihesabu. Mimba ya Mwasiti ilikuwa ya miezi saba. Ikawa minane. Ikawa tisa.

Dakta Mbwilo Kasanga, Mkurugenzi, alimpokea akiwa amesimama, na alibaki amesimama ili hotuba isikatike.

"Mama yangu, pole sana. Taifa linaomboleza nawe. Kitanda kiko wapi?"

"Kimetolewa sadaka. Nimeleta lebo yake. Kuna mtoto atazaliwa wiki hii, baba. Nataka mtu wa serikali aende akakichukue. Mimi desturi hainiruhusu kukifuata."

Dakta Kasanga aliiangalia lebo kwa makini, pande zote mbili. "Namba hii ni ya kitanda gani?"

"Hicho cha mjukuu wangu."

"Na kitanda hicho kina namba?"

"Hakina. Niliitoa mimi."

"Basi kitanda kisicho na namba hakiwezi kuwa kitanda chenye namba hii." Alisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Hii lebo, mama, kwa sasa ni ya ukuta wako. Sheria ingeniruhusu kuuondoa ukuta."

"Barua ya kiwanda hamkuipata?"

"Tuliipata miaka minne iliyopita." Alifungua kabati; ilikuwamo, imepigwa mihuri mitano. "Na tuliijibu. Tuliwashukuru kwa kuvikumbuka vitanda vyao. Tuliwaarifu kwamba vilipokewa vizuri, vinaishi na wenyeji kwa amani, na kwamba hakuna hata kimoja kilichoonyesha nia ya kurudi."

"Watoto wanane walikuwa wamekufa."

"Raia wetu?"

"Wa huko kwao."

"Unaona. Kwetu takwimu ni sifuri."

"Na wa kwangu?"

Dakta Kasanga alitafuta faili, akapata nakala ya fomu, akamgeuzia aone. "Wa kwako alikufa kwa usingizi," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, maana alikuwa na watoto. "Idara ya usingizi iko jengo lile la pili."

*

Mwasiti alikuwa amekwisha kujifungua siku tisa zilizopita, na Bi Mwanamvua hakujua, kwa kuwa mtoaji haulizi. Bi Mwanamvua alipobisha hodi, aliyefungua ni mama mkwe, Bi Tatu, mwanamke mrefu aliyekuwa akipasua kuni. Alimjua mara moja.

"Mwenzangu," alisema, "njia ya hapa nani alikuonyesha? Mwenye kutoa hafuati."

"Najua. Nimekuja na dhambi yangu mwenyewe. Naomba nikitazame kitanda."

"Kina nini?"

"Kilimuua mjukuu wangu."

"Alikufa usingizini. Mtaa mzima ulisikia."

Mwasiti alikuwa amekaa ndani kwenye kigoda, akinyonyesha. Kitanda kilisimama karibu na ukuta, kimetandikwa kishuka kilekile. Alisema, "Shikamoo mama," akasogea kumpa nafasi, kwa kuwa alilelewa vizuri.

Bi Mwanamvua aliwaeleza yote kwa mpangilio: lebo, pembetatu, kifungio, namba. Hakulia, na hilo lilimharibia, maana Bi Tatu hakuwahi kuona mwenye uchungu anayetaja namba. Kisha aliomba papai lililokuwa dirishani. Alilifunga kwenye kanga, akalilaza kitandani mahali pa kichwa, akapandisha upande wa kushuka hadi ukalia ta. Akausukuma. Ukashika. Akautikisa. Ukashika. Aliushusha na kuupandisha mara ishirini, akilisukuma papai kila mara, na mara zote ishirini kitanda kilifanya kazi kama kilivyokusudiwa na waliokiunda.

Bi Tatu alicheka, si kwa ubaya. "Kitanda chako kina adabu kukushinda. Sema ukweli, mwenzangu. Umemwona mtoto wa mwenzio anapumua, moyo umekukaa vibaya. Mungu akusaidie, si jambo la kuonea haya. Lakini papai langu rudisha."

"Kwa mjukuu wangu kilishika siku mia moja na arobaini na mbili," alisema Bi Mwanamvua.

"Mama," alisema Mwasiti kwa sauti ndogo, "nikikurudishia sadaka, si ndiyo nitamzika huyu? Ndivyo tunavyoambiwa."

"Hutanirudishia. Kaa naye hapohapo mapajani, usimweke chini." Bi Mwanamvua alimgeukia Bi Tatu. "Naomba radhi kwa shoka lako."

Akaenda mlangoni, akalichukua kwenye rundo la kuni, akarudi, akaanza na upande wa kushuka. Alifanya kama alivyozoea kazi, bila haraka, kuanzia kwenye kona. Alikuwa ameshavunja pande tatu majirani walipomshika mikono. Miongoni mwa vipande kilianguka kijino cha plastiki cha kile kifungio, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, chenye ufa kutoka juu hadi karibu na chini. Kilikuwa kimeshikana kwa upana wa uzi. Mwasiti alikiokota, akakiangalia, akamwangalia mtoto. Akakifunga kwenye pindo la kanga yake na hakusema kitu, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshaita polisi.

*

Alishtakiwa kwa kuharibu sadaka na kuvunja imani ya umma kwa vitu vilivyotumika. Kosa la pili ni zito, kwani imani hiyo ndiyo inayoendesha nchi.

Nyundo ya hakimu ilikuwa imetoka kwenye nyumba ya mnada ya ng'ambo, na kwa mazoea aliigonga mara tatu kabla ya jambo lolote. Alikuwa mtu wa kusoma. Baada ya kupitia jalada alimwita mshtakiwa karibu.

"Bi Mwanamvua, una bahati. Mwendesha mashtaka ameshindwa kutaja namba ya kitanda. Kisheria, kifaa kilichoagizwa kisicho na namba hakikuingia nchini, na kisichoingia hakiwezi kuvunjwa. Tia dole gumba hapa, kwamba hapakuwa na kitanda, urudi kwako ukapike."

"Hapakuwa kwa Mwasiti?"

"Hapakuwa popote."

"Na kwa mjukuu wangu?"

Hakimu alishusha miwani. "Popote ni popote, mama."

Bi Mwanamvua alifikiri. Tunu alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa; alikuja, ingawa hakuwa ameongea naye tangu siku ya sinia.

"Nikisema kilikuwepo?"

"Nitakufunga miezi sita. Na hukumu itabandikwa siku tisini kwenye mlango wa mahali kilipouzwa au kutolewa, watu wasome. Ni sheria ya zamani. Tulisahau kuifuta."

"Itaandikwa kwa lugha yetu?"

"Kwa lugha yetu, ndiyo."

"Na namba itaandikwa? Na kwa nini nilikivunja?"

"Kila ulilosema mahakamani lazima liandikwe. Ndiyo maana nakushauri usiseme."

Ndipo yule mwanamke asiyejua kusoma alipotamka, akiwa ameshika ukingo wa kizimba: "Kilikuwepo. Sita, sita, nne, moja, mbili, tisa, saba. Kilimuua Mwanamvua binti Tunu, wa miezi minne na siku ishirini na moja. Vingine vya namna hiyo viko ghalani kwa Bwana Gwasuma, nimevisafisha mwenyewe, tisa. Lebo zake ziko ukutani kwangu."

Karani aliandika. Hakimu aligonga mara tatu, na ikawa imeuzwa.

*

Siku ya kwanza ya kutembelewa, Tunu alikaa upande wa pili wa wavu, akitazama mikono yake.

"Mama," alisema hatimaye. Ilikuwa miezi minne tangu alipolitumia neno hilo mara ya mwisho. "Mwasiti alikuja nyumbani. Mtoto amenenepa. Wanalala naye mkekani."

"Bi Tatu anasemaje?"

"Anasema ulimwonea wivu. Lakini kitanda kingine hakununua."

Bi Mwanamvua alitikisa kichwa kukubali. Hakutarajia zaidi, kwa kuwa mtoto ambaye hakufa hana fomu.

"Hukumu ipo mlangoni pa ghala?"

"Ilikaa siku mbili."

"Nani aliitoa?"

Tunu aliinua vidole vyake karibu na wavu, na harufu ya mafuta ya taa ikapita. "Bwana Gwasuma alinipa kazi yako. Na birika lako. Siku ya pili akaniambia ile karatasi niikwangue, inafukuza wateja. Sikukwangua. Nilibandua."

"Ilichanika?"

"Haikuchanika. Nimeibandika nyumbani, pembeni ya dirisha. Pale palipokuwa pakiingia upepo."

Mama aliitazama mikono ile. Kucha zilikuwa zimeanza kukatikakatika pembeni, kama zake.

"Siku hizo mbili, watu waliisoma?"

"Waliisoma. Dada mmoja mjamzito aliisoma mara mbili. Akaazima kalamu, akaandika namba kiganjani, akaingia ndani kutafuta kitanda chenye namba hiyo ili asikichukue." Sauti ya Tunu ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma orodha. "Alivikagua vyote tisa, juu na chini. Hakuiona. Akashukuru Mungu. Akanunua kimoja."

Askari alipiga kengele ya kwanza. Wageni wengine walianza kukusanya vikapu.

"Anakaa wapi?" aliuliza Bi Mwanamvua.

"Reli Kavu, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Nimeulizia. Bado hajajifungua." Tunu alisimama, akajifunga kanga vizuri. Kisha akainama tena kwenye wavu. "Mama. Shoka letu lina mpini?"

Bi Mwanamvua alimwangalia binti yake kwa muda mrefu, hadi kengele ya pili.

"Lina mpini," alisema. "Liko nyuma ya mlango. Ukifika, waombe radhi kwanza."